Kabla ya kuuliza moteri, uliza kwanza mwenye gari

Vijana wenzangu wa Bweremana, wa Minova, wa Sake na wa Goma, na nyinyi mnaotusoma mkiwa mbali na nyumbani,

Siku hizi vijana watatu wakikutana, mazungumzo hayamalizi dakika kumi bila kufika kwenye gari. Diploma tunazo, kazi hatuna. Mashirika yamefunga milango au yamepunguza watu, ofisi za serikali hali yake tunaijua, na CV tulizotuma zingejaza pirogi moja mpaka juu. Kwa hiyo watu wanafanya hesabu: tukusanye makuta, tununue Toyota Noah moja ya okazio, tuiweke kwenye barabara ya Bweremana–Sake–Goma, ibebe watu asubuhi, na mangaribi ibebe sambaza na ndizi. Hesabu hiyo si ya kijinga. Mimi mwenyewe niko ndani yake. Kikundi chetu kiko na watu kumi, kila mmoja anatoa dola 20 kwa mwezi, na lengo ni kufika dola 4 000 baada ya miezi 20. Hizo dola 20 zinatoka kwa kulima shamba la mtu, kwa kuuza unite za simu, kwa mama anayekata kwenye faida ya mihogo yake ili mtoto wake mwenye licence asiaibike mbele ya wenzake.

Makuta ya namna hiyo yakipotea, hayarudi. Ndiyo sababu nataka tuongee juu ya kununua gari. Naona tunajifunza kila kitu juu ya moteri, lakini swali la kwanza kabisa tunaliruka: hii gari ni ya nani?

Angalieni tunavyofanya na dola. Hapa kwetu noti ya dola ikipasuka kidogo tu pembeni, hata milimita mbili, mama wa sokoni anakurudishia. "Hii haiendake, mwanangu." Tunaigeuza, tunaiinua juani, tunaipapasa, tunaangalia hata mwaka wake. Lakini mtu huyo huyo anahesabu noti 40 za dola 100, zote safi, anazitoa, anapokea gari ambayo namba yake ya shasi imekwaruzwa na carte rose iko kwa jina la mtu ambaye hajawahi kumwona. Noti tunaikagua kuliko kitu tunachonunua nayo.

Na komisioneri analijua jambo hilo. Maneno yake mnayajua wote:

"Petit, hii gari haina mugonjwa hata moja. Mwenyewe ni mama fulani wa Goma, alikuwa anaendaka nayo kanisani tu, siku ya Mungu. Kesho kuko mutu wa Bukavu anakuja na makuta yote. Mimi ninakuhurumia weye juu uko mtoto ya hapa."

Hesabuni kilichomo: kuna mama asiyeonekana, kuna mtu wa Bukavu asiyeonekana, na kuna huruma. Hata kimoja huwezi kukikagua. Siwachukii makomisioneri. Wengi wao ni vijana kama sisi, wengine tumekaa nao kwenye banki moja ya auditoriamu. Lakini komisioneri anakula siku gari inauzwa, siku uliyoikataa hali kitu. Mtu wa namna hiyo anaweza kukuonyesha gari. Hawezi kuwa shahidi wa gari.

Sasa tuseme ukweli wa wakati wetu. Goma iliingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Minova na Sake zilikuwa zimetangulia kwa siku chache tu. Benki zilifunga. Watu walikimbia kwa mashua, kwa mguu, kwa moto, na gari nyingi zikabaki nyuma kwenye parseli, funguo mezani. Maghala ya mashirika ya kibinadamu yaliporwa mchana watu wakiangalia. Tangu hapo tunaona gari za bei ya chini sana, na kila mara hadithi ni moja: mwenyewe yuko Kampala, mwenyewe yuko Kinshasa, mwenyewe yuko Bujumbura, ameniachia niuze.

Inaweza kuwa kweli. Kuna familia ziko ukimbizini na zinauza gari ili zilipe nyumba na masomo ya watoto, na kununua kwao kwa bei ya haki ni kuwasaidia. Lakini kwa hali hiyo kuna njia yake. Mwenye gari anaandika prokurasio, jina kwa jina, namba ya shasi ndani, sahihi yake, pamoja na fotokopi ya kitambulisho chake. Na leo kuna jambo rahisi kuliko hilo: mpigie simu ya video. Aonekane uso, aseme jina lake, aseme plaki ya gari yake bila kusomewa na mtu, aseme bei anayotaka. Megabaiti za franka chache tu. Mara nyingi hapo ndipo utashangaa kusikia kwamba mwenyewe anaomba dola 3 000 na wewe umeambiwa 4 200. Na kama mtu huyo hapatikani hata mara moja, simu yake "haina rezo" juma zima, basi elewa kwamba inawezekana hajui kama gari yake inauzwa.

Hapa ninatofautiana na marafiki zangu wengine. Wanasema: "Imeshaibwa, imeshaibwa. Nisiponunua mimi, atanunua mwingine." Kijana wa Goma anaweza kusema hivyo labda bila kufikiri. Sisi wa Masisi hatuwezi. Sisi tumekimbia mara ngapi? Tumerudi mara ngapi tukakuta mlango hakuna, mabati hakuna, mbuzi hakuna, na baada ya juma mbili ukauona mlango wako kwenye nyumba ya mtu mwingine, na ile alama uliyoichora kwa msumari ukiwa mtoto bado iko palepale? Yule mwenye nyumba alikuambia nini? Alikuambia: "Mimi nilinunua." Hatuwezi kuwa wenye kulia leo na kesho tuwe wenye kusema "mimi nilinunua".

Na tukiacha dhamiri pembeni, tubaki na hesabu tu: gari si kama mlango. Gari ina namba, na mwenyewe ana fotokopi. Siku atakaporudi, au siku ndugu yake atakapoiona ikipakia watu kwenye kituo cha Sake, komisioneri hatakuwepo. Atakayeshushwa ni shofere, na dola 4 000 za watu kumi zitashuka naye.

Bon. Tuje kwenye karatasi, kwa sababu wengi wetu tunasikia jina tu, hatujui karatasi ipi inasema nini.

Carte rose ndiyo inasema gari imeandikishwa kwa jina la nani. Ishike mkononi, si picha kwenye simu. Kisha fungua kofia ya moteri, tafuta namba ya shasi iliyopigwa kwenye chuma, soma herufi moja moja ukilinganisha na karatasi. Gari nyingi zetu zilitengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani, kwa hiyo namba yake ni fupi, herufi kadhaa, kistari, kisha tarakimu. Usishtuke ukiambiwa magari ya Ulaya yana namba ya alama 17. Kinachopaswa kukushtua ni chuma kilichosuguliwa, rangi mpya pale pale kwenye namba peke yake, au kipande kilichoungwa kwa sudiri. Ukiona hayo, aga kwa heshima, ondoka.

Ya pili ni karatasi za duane, yaani za DGDA: gari iliingia kwa mpaka gani, ililipiwa nini, kwa namba ipi ya shasi. Na hapa kuna mtego ambao vijana wachache wanaujua. Gari za mashirika huingia inchini bila kulipa ushuru, kwa sababu shirika lina msamaha. Shirika likimaliza mradi, linaziuza, mara nyingi kwa mnada, na kila mtu anafurahi: Land Cruiser nyeupe, imefanyiwa servisi kila wakati. Kweli, gari kama hizo mara nyingi zimetunzwa. Lakini msamaha ulikuwa wa shirika, haukuwa wa gari. Ikienda kwa mtu binafsi, ushuru unadaiwa. Kama aliyenunua mnadani hakuulipa akakuuzia wewe, umenunua gari pamoja na deni lake. Uliza risiti ya ushuru, usiulize "imelipwa?", kwa sababu jibu la "imelipwa?" ni "ndiyo" siku zote.

Ya tatu ni bima. Tangu sheria ya Januari 1973, kila gari inalazimishwa kuwa na bima ya kulipa watu utakaowaumiza. Miaka mingi SONAS ilikuwa peke yake, mpaka sheria ya Machi 2015 ilipofungulia kampuni zingine mlango. Najua watu wanaichukua kama karatasi ya kuonyesha polisi tu. Lakini Noah ya watu saba, ambayo kwetu inabeba watu kumi na mtoto, ikiingia kwenye mtaro pale Shasha, ni kitu gani kitalipa hospitali ya watu hao kumi? Kikundi chenu? Mmeshatoa yote kwenye gari.

Halafu mutasio, yaani kubadilisha jina kwenye carte rose. Hapa ndipo tunapojidanganya sana. Mtu ananunua, anatembea miaka mitatu na jina la muuzaji, juu mutasio inaomba makuta. Sasa muuzaji anafariki. Watoto wake wanakuja na carte rose ya papa yao, na wewe uko na nini? Uko na maneno. Au muuzaji ana deni, gari iko kwa jina lake, mwenye kumdai anaikamata. Au wewe unataka kuuza, na mtu mwenye akili anakukatalia. Gharama ya mutasio iwekwe kwenye bei tangu siku ya kwanza. Kama mna dola 4 000, basi hamnunui gari ya dola 4 000. Mnatafuta ya 3 200 au 3 300, na zinazobaki ni za karatasi, mipira na mafuta ya moteri. Najua inauma. Ile ya 4 000 ina madirisha meusi na redio nzuri.

Nitaambiwa: "Weye, hapa ni Congo, nani iko na dokima zote?" Nimelisikia hilo hata kutoka kwa watu waliosoma droit. Jibu langu ni kwamba dokima tunazilipa, tuwe nazo au tusiwe nazo. Asiyekuwa nazo anazilipa vipande vipande kwenye kila barieri, kwa mtu ambaye hatoi risiti, na kesho analipa tena. Tuseme ni franka 3 000 kwa barieri moja, barieri mbili kwenda na mbili kurudi, siku 25 za mwezi. Ni franka 300 000 kwa mwezi. Hiyo ndiyo bei ya kusema "hapa ni Congo". Sikatai kwamba hata mwenye dokima anaombwa "ya maji". Lakini yeye anaweza kubishana. Sisi wengine tunanyamaza na kutoa.

Mkataba wa kuuza uandikwe, hata kama ni kwa mkono. Majina, namba za vitambulisho, namba ya shasi na ya plaki, bei kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe na saa, mashahidi wawili kila upande. Na someni kabla ya kutia sahihi, kwa sababu kuna sentensi moja ndogo wanayopenda kuiweka chini: gari imeuzwa kama ilivyo. Sheria ya mikataba tunayoitumia ni ya tarehe 30 Julai 1888. Ndiyo, ya wakati wa Leopold II, na bado ndiyo msingi wetu. Inasema kwamba muuzaji anajibu kwa kasoro iliyofichika, ile ambayo mnunuzi hakuweza kuiona, lakini hajibu kwa ile iliyoonekana wazi. Ile sentensi ndogo inaweza kumtoa muuzaji kwenye jukumu hilo. Kataeni, au basi bei ishuke sana. Utaniuliza tribinali iko wapi leo ya kupeleka kesi. Swali zuri. Lakini tribinali itafunguka siku moja, na siku hiyo watakaosikilizwa ni wenye karatasi.

Juu ya makuta yenyewe, kwa kuwa wengi wetu tunalipa mkononi: msibebe zote siku ya kwanza kuangalia gari. Mtu aliyekuja na dola 4 000 mfukoni ameshanunua moyoni. Nendeni kuangalia bila kitu, mrudi nyumbani, mlale, ndipo mwende kulipa, watatu au wanne, mahali penye watu, karatasi na funguo mezani kabla ya noti. Na msimtume mtu mmoja wa kikundi peke yake, hata kama ni mwaminifu kama malaika. Ni kumlinda yeye pia.

Sasa gari yenyewe. Kwa nini Japani wanauza gari ambazo bado zinatembea? Kwa sababu kule gari mpya inakaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na ukaguzi huo ni ghali. Wengi wanaona afadhali kuuza. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa ripoti mwaka 2020: kati ya 2015 na 2018, magari madogo milioni 14 yaliyotumika yalitoka Ulaya, Japani na Marekani kwenda kuuzwa inchi zingine, na Afrika ndiyo ilipokea mengi kuliko bara lolote. Jirani zetu wameweka mipaka: Kenya inakataa gari iliyopita miaka 8, na Uganda tangu 2018 inakataa iliyopita miaka 15 tangu kutengenezwa. Gari zinazokuja kwetu zinapita inchi hizo hizo, kutoka Mombasa au Dar es Salaam. Iliyo nzee kwa kubaki kwao inaweza kupita kama mgeni wa safari na kufika mwisho wa barabara. Mwisho wa barabara ni sisi.

Kilometraji usiiamini peke yake. Inarudishwa nyuma kwa dakika chache na kompyuta ndogo. Gari inayosema kilomita 78 000 huku pedali ya freni imelika mpaka chuma, usukani umeng'aa kama kiatu cha pasta na kiti cha shofere kimelala, hiyo imetembea mara tatu ya hapo. Kama gari imeingia karibuni, muuzaji anaweza kuwa na cheti cha Japani cha kuitoa kwenye rejista yao ili iuzwe nje. Cheti hicho kinaonyesha namba ya shasi, mwaka wa kwanza wa kuandikishwa na kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi. Kimeandikwa Kijapani, lakini tarakimu zinasomeka, na simu yako inaweza kutafsiri.

Njoo asubuhi, bila kutangaza saa. Weka kiganja juu ya kofia ya moteri: kama iko na moto, mtu ameiwasha kabla hujafika ili uisikie ikiwa imelainika. Ngoja ipoe. Ikiwaka baridi, angalia moshi: wa bluu maana yake inakula mafuta ya moteri, mweupe usioisha hata baada ya moteri kupata moto maana yake pengine maji yanaingia ndani. Fungua kifuniko cha mafuta ya moteri. Ukikuta ute mweupe kama maziwa yaliyoganda, funga, rudi nyumbani. Kwenye mipira tafuta tarakimu nne ndani ya kaduara karefu, 2319 kwa mfano ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira "mupya" wa miaka kumi si mpya. Chukua fundi wako, si wa muuzaji, na mlipe hata kama gari mmeikataa. Halafu ipakieni watu, mpande nayo Mushaki kama barabara iko wazi siku ile, mkisikiliza freni wakati wa kushuka kurudi Sake. Kwenye tambarare ya Goma kila gari ni nzima.

Kuna jambo moja la hizi gari za Japani ambalo tumelizoea mpaka hatulioni. Sisi tunatembea upande wa kulia wa barabara, na hizo gari usukani wake uko kulia pia. Shofere akitaka kupita lori, ni lazima gari yote itoke ndipo aone kinachokuja mbele. Na mlango wa kuteleza wa minibisi ya Hiace mara nyingi uko kushoto, kwa sababu Japani watu wanashukia kushoto, pembeni ya barabara. Kwetu kushoto ni katikati ya barabara. Mama mwenye mtoto mgongoni anashukia pale ambapo lori la Minova linapita. Ukinunua gari hiyo kwa kazi ya watu, weka makonda ambaye kazi yake ya kwanza ni kushuka yeye kabla ya abiria na kusimama upande wa lori, hata kama unaona ni mtu mmoja wa kulipa zaidi. Na gari iliyobadilishwa usukani kwenye garaji, kutoka kulia kwenda kushoto, ikaguliwe mara mbili: nani aliifanya, vyuma vya usukani viliungwa vipi, na mifuko ya hewa ya kulinda uso bado iko au iliondolewa na kufunikwa plastiki.

Mifuko hiyo ya hewa ina habari yake. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza mamilioni ambayo dawa yake ya kulipuka inaharibika kwa joto na unyevu. Gari ikigonga, badala ya kukulinda inarusha vipande vya chuma. Toyota, Honda, Nissan, Mazda na wengine waliita magari yarudi kubadilishwa bure, na Takata ilifilisika mwaka 2017. Kule Japani mwenye gari aliandikiwa barua. Gari ile ile ikiwa Bweremana, nani atakuandikia? Hakuna anayejua kwamba iko kwako. Lakini Toyota wana ukurasa wa intaneti unaoandika namba ya shasi na kuona kama gari iliitwa na haikurudi. Ifanyeni kabla ya kulipa. Ni bure.

Tusiishie kwa kufundishana kujilinda tu, kwa sababu mnunuzi hawezi kuwa polisi, duane na fundi kwa wakati mmoja. Kenya mtu analipa shilingi chache mtandaoni, anaandika plaki, anapata jina la mwenye gari kwenye rejista ya NTSA. Hakuna sababu ya sisi kukosa kitu hicho. Rejista ya carte rose ifunguliwe kwa mwanainchi: namba ya shasi kwa ujumbe wa simu, jibu liseme gari imeandikishwa au haijaandikishwa, ushuru umelipwa au haujalipwa, kuna aliyelalamika kwamba imeibwa au hakuna. Yeyote anayechukua vignette yetu na ushuru wetu, leo au kesho, ana deni hilo kwetu.

Wakati tunangoja, kuna kitu tunaweza kuanza wenyewe juma hili. Wale wote mliopoteza gari au moto tangu Januari 2025, na mna fotokopi ya karatasi, tumeni namba ya shasi, aina na rangi kwa wenzetu wanaoshika mawasiliano katika kila mji. Jina lenu halitawekwa, mahali mlipo hapatawekwa. Namba tu. Orodha itazunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp, na kabla ya kijana yeyote kutoa dola ya kwanza, aangalie pale.

Kikundi chetu bado kinakosa dola 900. Komisioneri mmoja anatupigia simu kila juma juu ya Noah ya kijani. Tulimwomba picha ya carte rose na ya namba ya shasi. Mpaka leo ametutumia picha tatu za mipira na moja ya redio.